Kiti cha Mguu wa Vénantie

Jumatano asubuhi, mwezi wa sita wa mwaka 2001, Inspekta Laurence Umurerwa aliingia kituo cha polisi cha Kamembe akakuta polisi wake wakiuruka mguu wa mtu. Mwanamke wa miaka hamsini hivi alikuwa ameketi sakafuni kwenye korido, mgongo ukutani, mguu wa kushoto umenyooka mbele yake kama mti wa uzio. Kila aliyepita na faili aliuruka akaendelea na safari zake. Hakuna aliyemuuliza shida yake.

"Huyu ni gogo?" Laurence aliuliza kwa sauti iliyofika hadi selo. "Leteni viti viwili. Kimoja cha yeye, kimoja cha mguu."

Viti vililetwa mbio. Polisi wa kituo kile walimjua. Laurence alikulia Bukavu, ng'ambo ya mto, akarudi Rwanda mwaka 1994 na cheti cha sheria na ulimi mkali. Cheti alikitundika ukutani mwa ofisi yake. Ulimi hakuwahi kuutundika popote.

"Sema, Maman. Wewe ni nani na umeibiwa nini?"

"Miye ni Mukamana Vénantie, Maman Inspecteur. Nalima muchele kule Bugarama. Niko présidente wa association ya bamama ya mupunga." Alizungumza polepole, mikono juu ya paja. "Kesho saa ine ya asubuhi napanda avion hapa Kamembe, naenda mupaka Bruxelles. Passeport yangu ilikuwa mu biro, ofisi ya projet, mu tiroir, ile droo ya kufunga. Jana nayo iliibiwa."

"Unaenda kufanya nini Ubelgiji?"

"Kazi. Lundi, jumatatu inakuya, kuko réunion, mukutano ya shirika ile inatusaidia. Banachagua association gani itapata mashini ya kukoboa. Barua yao inasema mulimaji mwenyewe asimame, aseme na kinywa chake. Kama siendi, demande, ombi yetu, haisikilizwi. Bamama mia mbili banatwanga na mikono, Maman Inspecteur. Bengine mikono yao haifunguke tena asubuhi."

Alifungua mfuko wa plastiki akatoa karatasi zake moja moja. Kulikuwa na barua ya mwaliko, kadi ya njano ya chanjo, na nakala ya safari nzima iliyopigwa chapa: Kamembe hadi Kigali kwa ndege ndogo, Kigali hadi Nairobi, Nairobi hadi Brussels usiku kucha. Mbele ya jina la Mukamana paliandikwa daraja la biashara, safu ya kwanza. Laurence alisoma mara mbili. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kupanda ndege yoyote.

"Daraja la wakubwa hili, Maman."

"Ni ya mukuu gani? Ni ya goti." Vénantie aligonga goti lake kwa kifundo cha kidole, likalia kama ubao. "Mwaka wa 1996, tukitoroka Uvira, risasi iliingia humu. Munganga aliunganisha mifupa, haikunjike tena. Akaandika: huyu, siti ya nyuma haimuenei, itabidi siti ya kulala. Shirika ikalipa."

"Uliiona lini paspoti yako mara ya mwisho?"

"Jana mardi, saa ine. Nilikuya kuweka sinyatiri. Sekreteri alinionyesha, nikaishika na mikono yangu. Saa saba nikarudia, tiroir iko muzima, passeport haiko."

Askari Manzi, kijana mwenye haraka ya kupandishwa cheo, alikuwa amesimama mlangoni akisubiri zamu yake ya kusifiwa. "Afande, kesi hii imekwisha. Mwizi tunaye tangu jana jioni. Mkongomani aliyeonekana pale ofisi ya mradi."

"Mlimkuta na paspoti?"

"Hapana, Afande."

"Mlimkuta na nini?"

"Masanduku ya kusafiria. Matupu."

"Matupu," Laurence alirudia. "Kwa hiyo mmemfunga mtu kwa kosa la kubeba hewa kutoka Bukavu. Mlete."

Mahabusu alikuwa Buhendwa, mtu wa kabila la Bashi kutoka Bukavu, mfanyabiashara aliyevuka daraja la Rusizi karibu kila siku na masanduku na makoti ya mitumba. Shati lake lilikuwa limetoka vifungo viwili, na Laurence hakuhitaji kuuliza vilitokaje. Alimtazama Manzi mpaka Manzi akaangalia viatu vyake. Tangu vita vya ng'ambo vianze, kila sindano iliyopotea Kamembe ilisemwa imevuka daraja, na jambo hilo lilimkera Laurence kupita kiasi. Mama yake alikuwa bado anaishi Bukavu, na kule nako kila sindano iliyopotea ilisemwa imevuka kuja huku.

"Papa Buhendwa, jana ulifuata nini kwenye ofisi ya mradi?"

"Nilileta komande, Maman. Directeur wa projet, Jean-Paul, alikuwa aliniagiza bintu bya voyage. Valizi mbili, makoti mbili ya baridi. Moja ya yeye, moja ya maman ule wa muguu."

"Uliingia na koti ngapi?"

"Moja tu. Ya yeye. Ya maman niliiacha Bukavu, juu Directeur alisema niache. Alisema, 'Ya maman haina kazi, maman haendi tena.'"

Kalamu ya Laurence ilisimama. "Alikwambia lini?"

"Lundi. Nilikuya kumupima mabega, akaniambia palepale."

"Una hakika ni Jumatatu?"

Buhendwa alichomoa kibali chake cha kuvukia mpaka, kimekunjwa mara nne na kulainika kama kitambaa. Mihuri ilikuwa mitatu ya wiki ile. Jumatatu kuingia, Jumatatu kutoka, Jumanne kuingia. Wa nne haukuwepo kwa sababu Manzi alimlaza selo.

Laurence aliiandika mihuri yote mitatu kwenye karatasi ya maelezo, ile ambayo kituoni waliiita PV. Paspoti ilipotea Jumanne kati ya saa nne na saa saba, lakini Jumatatu Mkurugenzi alikwisha kujua kwamba mama huyu hasafiri.

"Kwa nini hukuyasema haya jana?"

"Nani aliniuliza, Maman? Baliniuliza tu, 'Umeiweka wapi?' Na tena miye niko mugeni. Mugeni akisema mukubwa wa inchi ni mubaya, pont, daraja ile, atavuka na miguu gani?"

"Manzi," alisema Laurence, "mrudishie masanduku yake. Na vifungo vyake vya shati uvitafute mwenyewe, kwa magoti, mpaka uvipate."

Neno la mchuuzi aliyetoka kulala selo halitoshi mbele ya hakimu, na Laurence alilijua hilo. Alimpandisha Vénantie kwenye gari la polisi, kiti cha mbele kikiwa kimesukumwa nyuma hadi mwisho, akaenda naye kwenye ofisi ya mradi wa mpunga, si mbali na uwanja wa ndege.

Mkurugenzi Jean-Paul Nzabonimana hakuwepo. Alikuwa amekwenda mkoani kuwaaga wakubwa. Alikuwepo sekretari wake Drocella, macho mekundu.

Laurence alianza na droo. Kufuli ilikuwa nzima na hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Funguo zilikuwa mbili, moja shingoni mwa Drocella na nyingine pamoja na ufunguo wa gari wa Mkurugenzi.

"Jana kati ya saa nne na saa saba ulitoka?"

"Saa sita nilienda kula. Nusu saa." Drocella alivuta pumzi. "Directeur alibaki. Asubuhi hii ameniambia, kama passeport haionekani, lundi nisirudi kazini. Miaka ine niko hapa, Maman Inspecteur. Sijapoteza hata agrafe moja ya karatasi."

Sasa Laurence alitafuta sababu. Mtu mwenye ofisi, gari na mhuri hamwibii mkulima paspoti bila sababu nzito, na akilini mwake nzito ilikuwa moja tu, ile mashine. Alipekua faili la ombi karatasi kwa karatasi. Huenda kulikuwa na kikundi kingine chenye shemeji wa Mkurugenzi ndani yake. Huenda eneo la mashine lilikwisha kuhamishwa kwa siri kutoka Bugarama. Saa nzima ilipita. Ombi lilikuwa safi, kikundi kilikuwa kimoja, na aliyeliandika kwa bidii na kulisifia kwa kurasa tatu alikuwa Jean-Paul mwenyewe. Laurence alilifunga faili kwa kishindo. Mtu huyu hakuwa na faida yoyote mashine ikipotea!

Alitoka nje kupunga upepo. Gari la mradi lilikuwa uani, pikapu ya kabini mbili, Mkurugenzi akiwa amekwenda na dereva wa mkoa. Kiti cha mbele kilikuwa na foronya nyeupe iliyopigwa pasi. Nyuma, kwenye sehemu ya mizigo, palikuwa na magunia matupu yaliyotandikwa.

"Magunia haya ni ya nini?"

"Ni fasi yangu," alijibu Vénantie kutoka kwenye gari la polisi, bila uchungu, kama mtu anayeonyesha kitanda chake. "Tukitoka Bugarama kuya réunion. Mu kabini ya nyuma muguu hauingie. Naketi juu ya mifuko."

"Na kiti cha mbele?"

Drocella ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Mbele ni ya Directeur. Protocole. Hata mvua ikinyesha. Hata siku yeye haiko mu gari, dereva anasema kile kiti ni ya Directeur, hakuna muntu ataketi."

Laurence alimtazama yule mama mwenye goti la ubao, akayatazama magunia, akakumbuka urefu wa barabara ile ya kupanda kutoka joto la Bugarama, ikipita Nyakarenzo na mashimo yake yote. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Na ndani ya hasira ile akaona kitu.

"Drocella, kwenye safari hii ya Ulaya, Mkurugenzi naye anaketi wapi?"

"Mimi sijui, Maman. Tiketi ziko kwa Sandrine."

Sandrine alikuwa na duka dogo la tiketi Kamembe mjini, chumba kimoja, simu, mashine ya faksi na picha ya ndege iliyopauka kwa jua. Familia yake ilikuwa ya Bukavu, na alikuwa na utaratibu wa mtu anayejua kwamba kosa la herufi moja humwacha abiria Nairobi. Kila abiria wake alikuwa na bahasha. Alizitoa mbili.

"Mukamana, ligne ya kwanza, kando ya njia, kiti kinalala. Nimeomba na kigari cha kumusukuma Nairobi, juu kule kutoka avion moja mupaka ingine ni mbali. Nzabonimana, accompagnateur, mwenye kumusindikiza, ligne trente et un. Nyuma, karibu na choo."

"Yeye alipendezwa?"

Sandrine alicheka, halafu akaacha kucheka. "Alikuya hapa jeudi, alhamisi ya wiki yenye imepita. Akasema, 'Mademoiselle, kuko erreur. Umeweka mulimaji mbele na Directeur nyuma.' Nikamwambia haiko erreur, kiti kilinunuliwa juu ya barua ya munganga. Akakataa. Akasema, 'Tutafika Bruxelles, yeye anatoka wa kwanza, bazungu banamupokea. Miye natokea nyuma nyuma na batoto benye kulia. Batadhani niko boyi wake.' Akataka nibadilishe majina. Nikasema haiwezekani, mwenye kulipa ndiye anaamua."

"Halafu?"

"Halafu akaniuliza, 'Na kama yeye hasafiri?' Nikasema kama hasafiri, muulize mwenye kulipa. Basi, lundi akarudi hapa na fax ya kutuma Bruxelles."

"Ofisini kwake hakuna faksi?"

"Iko. Lakini kule ni Drocella anatuma."

Mashine ya Sandrine ilikuwa na orodha yake. Jumatatu, saa tatu na dakika kumi na mbili, ukurasa mmoja, namba ya Brussels. Leo Jumatano, saa mbili kasoro dakika tano, ukurasa mmoja kutoka namba hiyohiyo.

"Jibu liko wapi?"

"Amelichukua. Saa mbili kamili alikuwa hapa, mimi ninafungua mulango."

"Na wewe hukulisoma?"

Sandrine aliinua mabega. "Fax haina enveloppe, Maman. Balisema, pole sana kwa ugonjwa wa Madame Mukamana, tunamutakia nguvu. Tiketi imekwisha kulipwa, haiwezi kurudishwa, basi kiti kipewe Monsieur Nzabonimana, atume namba ya passeport yake. Lakini habari ya mashini, règlement, sheria yao, inaomba mulimaji mwenyewe. Haikuya mulimaji, itaangaliwa mwaka kesho, kama feza zitakuwa zingali."

"Akalisoma lote? Mpaka hapo kwenye mashine?"

"Yote, amesimama pale wewe umesimama. Akaandika namba yake chini, nikaituma, akasema merci, akatoka akiimba. Banapashwa kunijibu mbele ya saa kumi na moja ili nibadilishe jina."

"Ugonjwa gani alioandika?"

"Hôpital. Alisema analala hôpital, hali mubaya. Mimi hata nilimuombea maman wa watu."

Laurence alimshika mkono, akamsogeza hadi mlangoni. Nje, kwenye gari la polisi, Vénantie alikuwa akila hindi la kuchoma, mguu wake umetokeza kwenye mlango ulioachwa wazi. Sandrine aliweka kiganja mdomoni.

"Usibadilishe jina lolote," alisema Laurence. "Piga simu Brussels sasa hivi. Waambie mgonjwa amepona."

Njiani kurudi kwenye ofisi ya mradi alimpitia Manzi kituoni, huku akiyapanga yote akilini. Alikuwa ametafuta shemeji, ametafuta hila ya mashine, ametafuta siasa, kumbe lote lilikuwa kiti. Wanawake mia mbili waendelee kutwanga mwaka mzima ili makalio ya mtu mmoja yasikae safu ya thelathini na moja. Alikuwa amewahi kukamata watu waliofanya mabaya makubwa zaidi, lakini hakuna aliyewahi kumchukiza hivi.

Jean-Paul Nzabonimana alikuwa amerudi. Alikuwa na miaka arobaini na mitano, suti ya kijivu, na koti jipya la baridi limetundikwa nyuma ya mlango. Alisimama kumpokea Laurence, akamwona Vénantie akichechemea nyuma yake, akaketi tena.

"Madame l'Inspecteur, karibu. Mumemupata ule Mukongomani?"

"Tumempata na tumemwachia. Wewe ulikulia wapi, Papa Directeur?"

"Bukavu. Mutaa ya Kadutu."

"Mimi Nyawera. Basi tusitukanane wenyewe kwa wenyewe. Paspoti ya Maman Vénantie iko wapi?"

"Ningelijua, ningelikuwa nimekwisha kumupatia. Inaniuma sana."

Laurence alimtazama. Hakuwa ameichoma, hilo alikuwa na hakika nalo. Mtu aliyezeekea ofisini hachomi kitu chenye mhuri wa serikali, mkono wenyewe utamkatalia. Mtu kama huyu huficha karatasi mahali pa karatasi, ionekane baadaye, na lawama iende kwa mdogo wake. Alifungua mlango akamwita Drocella.

"Ijumaa hii, Mkurugenzi akiwa Ulaya, ni kazi gani ya kwanza uliyoachiwa?"

"Rapport ya miezi mitatu, Maman. Ya Bugarama. Inaenda mkoani vendredi."

"Faili lake liko wapi?"

"Mu armoire, kabati ile. Mimi ndiye ninalishika, hakuna mwengine."

"Lilete. Lifungue mbele yetu sote, wewe mwenyewe."

Drocella alilifungua. Alipindua kurasa za mvua na mbegu, kurasa za mifereji, na kati ya ukurasa wa kumi na mmoja na wa kumi na mbili paspoti ya Mukamana Vénantie ikateleza ikaanguka mezani. Drocella alipiga ukelele na kujishika kichwa.

"Sikuiweka! Haki ya Mungu, sikuiweka!"

"Mimi nasema siku zote," alisema Mkurugenzi, akitikisa kichwa kwa huzuni, "huyu sekreteri hana ordre, anaweka bintu ovyo. Lakini tumushukuru Mungu, imeonekana."

"Mungu mwache," alisema Laurence. "Nipe paspoti yako."

"Yangu? Ya nini?"

"Nipe."

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi, na ya Jean-Paul iliishia mfuko wa ndani wa koti lake. Paspoti ilitoka, na ndani yake faksi ya Brussels imekunjwa vizuri, namba yake mwenyewe imeandikwa chini kwa wino wa bluu. Laurence aliisoma kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, akitafsiri kwa Kiswahili ili Vénantie asikie. Alipofika kwenye mashine na mwaka kesho, Vénantie alikaa kitako juu ya meza, maana hakuna kiti kilichomfaa.

"Directeur," alisema, "demande ile uliiandika na mukono wako. Nilikuletea mihogo ya kukushukuru."

Jean-Paul alikuwa na jasho sasa. "Maman, elewa. Inchi yoyote iko na protocole. Mukubwa hatembee nyuma ya mudogo. Mimi nilisoma, niko na licence ya université, niko Directeur. Bazungu bakiona tunashuka vile, bataheshimu projet namna gani? Nilifanya kwa heshima ya projet!"

"Heshima ya mradi imelala kwenye magunia ya pikapu," alisema Laurence. "Nyamaza nisije nikasahau kazi yangu."

Aliinua simu ya mezani akampigia mkuu wake wa upelelezi, akamweleza yote kwa ufupi. Mkuu alisikiliza, akasifu, kisha akasema jambo ambalo Laurence aliliogopa tangu faili lilipofunguka. Paspoti iliyoibiwa ni kielelezo. Itiwe lakiri leo, ipelekwe kwa mwendesha mashtaka, ikae huko hadi hukumu.

"Afande, mwenyewe anasafiri kesho saa nne."

"Sheria haipandi ndege, Umurerwa. Kama ni wizi, kilichoibiwa ni kielelezo. Unataka mshitakiwa aseme hatuna kitu?"

Sauti ya mkuu ilikuwa kubwa na chumba kidogo. Jean-Paul alisikia kila neno, na rangi ikamrudia usoni. "Basi," alisema kwa upole, "tuache sheria ifuate njia yake."

Laurence alirudisha simu mahali pake. Angemfunga kwa wizi, na mama huyu angebaki. Angempa mama paspoti yake, na wizi ungekufa mikononi mwake. Alitamani kupiga meza mpaka ivunjike. Badala yake alivuta kiti, akachukua karatasi safi ya PV, akaanza kuandika, na alichokiandika alikisoma kwa sauti.

"Paspoti ya Mukamana Vénantie imekutwa ndani ya faili la ofisi ileile ilikowekwa itunzwe. Haikutoka nje ya jengo. Kwa hiyo, hakuna wizi."

"Voilà," alisema Jean-Paul, akakiegemea kiti cha karibu na mlango, ambako Manzi alikuwa amemhamishia. "Mutu wa sheria anajulikana."

"Kwa kuwa hakuna wizi, paspoti hiyo si kielelezo, na inarudishwa kwa mwenyewe. Maman, weka sahihi hapa." Vénantie aliweka. Laurence aliendelea bila kuinua kichwa. "Kosa lililopo ni kuandika uongo kwa faida yake mwenyewe. Kwamba Jumatatu, kwa faksi, mtuhumiwa alisema mtu mwenye afya yuko hospitali mahututi, ili apewe kiti chake. Kielelezo cha kwanza ni jibu la faksi hiyo. Chini yake kuna namba ya paspoti, na korti haitajua namba ni ya nani bila kuiona paspoti yenyewe." Alipuliza wino ukauke. "Kielelezo cha pili, paspoti ya Nzabonimana Jean-Paul. Manzi, lete lakiri."

"Hapana!" Jean-Paul alifoka. "Mimi nasafiri kesho! Niko na kiti!"

"Ulikuwa nacho. Safu ya thelathini na moja. Ulikikataa mwenyewe."

Lakiri iliyeyuka juu ya kiberiti cha Manzi, ikadondoka nyekundu juu ya bahasha. Jean-Paul aliitazama mpaka ikaganda, kisha akamgeukia Vénantie, na sasa hapakuwa na upole tena.

"Utaenda peke yako? Wewe? Hata mukanda ya avion hujui kufunga. Utatufezehesha."

Vénantie alikuwa ameshika paspoti kwa mikono miwili kifuani. Alishuka mezani polepole.

"Papa Directeur, miye nilivuka Rusizi na risasi mu goti na mutoto mu mugongo. Mukanda haitanishinda. Na lundi, kama baniuliza Directeur wetu iko wapi, nitasema yote, na sitasahau hata mufuko moja."

Alianza kuelekea nje. Mlango ulikuwa mwembamba, kiti cha Jean-Paul kilikuwa kimeubana, na mguu wa kushoto haukukunjika. Vénantie alisimama mbele yake akangoja, bila kuomba radhi. Mkurugenzi ilimbidi asimame, asogeze kiti chake mwenyewe ukutani, ili mama apite mbele.